Shajara ya mradi: kisima, birika na kuta za msikiti wa zamani, kusini Pemba

Naiandika kama katibu wa jumuiya yetu ndogo ya kijiji, wilaya ya Mkoani, ili wenzetu wenye magofu yao wajue njia ilivyo kabla hawajaomba ruzuku. Kazi yenyewe ni msikiti mdogo wa mawe na chokaa, hausaliwi tena tangu ulipojengwa mpya upande wa barabarani. Paa lilishaanguka zamani. Zimebaki kuta tatu, mihirabu, birika la kutawadhia na kisima, na kisima hadi leo watu wanachota maji ya kufulia na kunywesha ng'ombe. Mambo ya kawaida nayapita mbiombio, penye tabu ndipo nitakapokaa.

Septemba 2023: mali ya nani

Msikiti ni wakfu, kwa hiyo barua ya kwanza ilikwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ya pili ilikwenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, maana gofu la zamani huligusi bila wao kuja kuliona. Sheha alitia saini na muhuri. Hayo yote yalikwenda kwa subira tu.

Kilichotukwamisha ni mnazi. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Pembeni mwa ukuta wa kaskazini umeota mnazi mrefu uliolalia ukuta, na upepo wa kusi ukivuma shina linasugua jiwe la juu mpaka linacheza. Fomu za wafadhili zinauliza mmiliki wa ardhi, basi. Hakuna pahala pa kuandika mwenye mti. Tukaonelea tulimalize wenyewe kabla mgeni hajauliza. Mrithi mmoja ni bibi wa hapa hapa kijijini, ndugu zake wawili wako Unguja na mmoja Muscat. Bibi alituambia, "Wanangu, mimi sina neno, lakini nikiukata peke yangu nitaulizwa." Ikabidi simu zipigwe, kikao kikae barazani kwa sheha, muhtasari uandikwe, na wasioweza kusaini wakaweka dole gumba. Tulikubaliana fidia ya shilingi 150,000 na gogo lake akachukua bibi mwenyewe.

Fedha hiyo ilitoka mifukoni mwetu na haikurudi. Mfadhili halipi gharama yoyote ya kabla ya tarehe ya mkataba. Wekeni kando kiasi cha chama kwa mambo kama haya.

Novemba 2023: mfuko upi

Fedha za urithi zipo, ila nyingi zinajua njia ya Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa tena 2009. Kanisa la Mkunazini lilikarabatiwa kupitia World Monuments Fund kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Hizo ni kazi zenye wasanifu na wahasibu wa kuajiriwa. Pemba tuna Ras Mkumbuu, Pujini na Mtambwe Mkuu, magofu yanayojulikana mpaka kwenye vitabu. Msikiti wa kijiji usio na jina kitabuni unabidi ujieleze wenyewe.

Tulisoma masharti ya mifuko mitatu kwa makini, na nayaweka hapa, kama yalivyokuwa wakati ule, yale yaliyotufaa kujua.

Misaada ya UNESCO, ukiwemo mfuko wa urithi usioshikika, huombwa na serikali ya nchi. Jumuiya ya kijiji haipeleki ombi moja kwa moja. Hapo tukaishia.

Mfuko wa Balozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanza 2001, hupitia ubalozini. Jengo la ibada linakubalika, lakini sababu ya kulihifadhi iwe ya historia au ufundi, isiwe ya kidini. Kwetu hilo halikuwa tatizo kwa kuwa msikiti hausaliwi. Mfuko haulipi fungu la dharura, yaani la mambo yasiyotarajiwa. Na muombaji sharti awe na namba ya utambulisho kutoka mtandao wa SAM wa serikali ya Marekani. Usajili huo ni bure. Akikuandikia mtu baruapepe anadai ada ya kukusajilia, futa. Sisi tuliuanza, tukakwama kwenye anwani, kwa sababu mfumo unataka mtaa na namba ya nyumba, na kijijini kwetu anwani ni "nyuma ya skuli". Muda wa kuomba ukapita.

Mfuko wa British Council wa kulinda utamaduni, ulioanza 2016, unaihusu Tanzania pia, lakini unataka urithi uwe unatishiwa na vita au mabadiliko ya tabianchi. Kisima chetu kina chumvi inayopanda, hoja ipo. Ushahidi wa vipimo vya miaka ndio hatukuwa nao.

Tukaomba kwa mfadhili mdogo ambaye hapendi kutajwa. Ruzuku yake ni dola 10,000 kwa mikupuo mitatu: nusu mkataba ukisainiwa, asilimia 30 kazi ikifika nusu, asilimia 20 baada ya ripoti ya mwisho. Fomu ilikuwa kurasa chache na maswali yake yalikuwa ya watu wanaojua kijiji ni nini.

Januari 2024: bajeti na akaunti

Mfadhili wetu naye hakubali fungu la "mengineyo". Fundi wetu mkuu, mzee aliyefunzwa na baba yake kuchoma chokaa, alituonyesha njia ya halali: ongezeni kiasi cha vitu vyenyewe na muandike sababu. Badala ya kuandika chokaa inayotosha ukuta, tukaandika chokaa ya ukuta pamoja na ya majaribio na ya kumwagwa, tukaeleza kwamba mkupuo wa kwanza wa tanuu huwa hauaminiki. Mfadhili akakubali bila swali. Ada za benki pia ziwe na mstari wake. Benki za njiani zilikata dola 35 kwenye mkupuo wa kwanza, na mkataba unahesabu kwamba tulipokea zote.

Akaunti ilichelewesha mradi karibu mwezi mzima. Cheti cha usajili kimeandikwa "Jumuiya", akaunti ilifunguliwa "Jumuia". Benki ya mtumaji ikarudisha fedha kwa herufi moja. Dawa ilikuwa barua ya viongozi watatu, nakala ya cheti na safari ya Chake Chake kusaini upya kadi za saini. Kabla hujapeleka namba ya akaunti kwa mfadhili, weka cheti, katiba na taarifa ya benki pamoja mezani usome herufi kwa herufi.

Machi 2024: fedha imeingia, kazi haianzi

Mkupuo wa kwanza uliingia katikati ya Ramadhani, na masika yako mlangoni. Mkataba unasema kazi ianze ndani ya siku 30. Lipu ya chokaa ikipigwa masika inachuruzika, na fundi aliyefunga hapandi jukwaani adhuhuri. Mzee fundi alisema kwa ufupi: "Mfungo mosi tunachoma, kusi likishika tunajenga." Mfungo mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani.

Tulimwandikia mfadhili kwamba kuchoma na kuloweka chokaa *ndiyo* kazi, na ndiyo hatua inayokula muda kuliko zote. Tukaambatanisha picha za shimo la kulowekea linalochimbwa. Alikubali. Kama tungeandika ratiba hiyo kwenye andiko la mradi tangu mwanzo, barua isingehitajika. Anayenakili kazi hii aandike hivi: miezi ya masika ni ya chokaa, vibali na kupima, kuanzia Juni ni ya mwiko wa fundi.

Mei 2024: tanuu na shimo

Mawe ya matumbawe ya kuchoma tuliyapata kwenye kifusi cha msikiti wenyewe, yale madogo yasiyorudi ukutani, na mengine kwa mchomaji wa jirani. Hatukugusa matumbawe ya baharini. Kuni ndizo zilizokula fedha. Tanuu la duara hupangwa magogo chini, mawe juu, likawashwa jioni, na asubuhi ya pili mawe yamekuwa mepesi kama mkate mkavu. Yakiguswa na maji yanachemka na kupasuka yenyewe, kwa hiyo watoto wakae mbali, na mpigaji maji avae miwani. Miwani hiyo haikuwemo kwenye bajeti. Tuliinunua.

Mwanzoni mwa mwezi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya. Tulifunga turubai juu ya kuta na kuliziba shimo kwa mabati na mawe. Shimo likasalimika. Turubai moja lilichanika na pembe ya ukuta wa mashariki ikaloa mpaka ndani.

Julai 2024: ukuta, saruji ya zamani, na lipu iliyotoka vipele

Miaka ya nyuma watu wenye nia njema waliuziba ukuta wa kibla, ule wa kaskazini, na birika kwa saruji. Jiwe la matumbawe linavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani, na chokaa inayaruhusu yapite. Saruji inayafungia ndani. Chumvi inabaki nyuma yake, inaumuka, na jiwe linageuka unga. Tulipoanza kuing'oa, ganda la saruji lilikuwa zima na nyuma yake unachota mchanga kwa kiganja.

Fundi kijana alianza kwa nyundo kubwa, ganda likatoka na uso wa mawe pamoja. Mzee akamsimamisha. Baadaye ikawa tindo nyembamba, kutoka ukingoni, kipande cha ukubwa wa sahani kwa wakati, na pale saruji iliposhikana mno na jiwe zima tuliiacha. Kazi tuliyoikadiria wiki moja ilikula karibu mwezi, na malipo ya mafundi ndiyo yaliyopanda kuliko mstari wowote: fundi shilingi 40,000 kwa siku, kibarua 20,000.

Kisha lipu ya kwanza. Ilipigwa ukuta wa kusini, ikakaa vizuri, na baada ya siku chache ikaanza kutoka vipele. Kila kipele ukikipasua ndani pana chembe nyeupe kama punje ya mchele. Ni chokaa ambayo haijakolea maji. Imeingia ukutani mbichi, ikanywa unyevu, ikaumuka humo humo. Shimo lilikuwa limelowekwa muda wa kutosha, lakini mchotaji alichota chini kabisa penye mawe yasiyoiva.

Ukuta wote wa kusini ulibanduliwa. Tangu hapo chokaa ikitoka shimoni inapita kwenye chandarua kilichowambwa juu ya pipa, na kinachobaki juu kinarudi shimoni au kinatupwa. Chandarua kuukuu, bei hakuna. Mchanga nao ukabadilishwa. Mchanga wa pwani una chumvi na kuuchukua ni makosa bila kibali. Tulitumia wa bonde, tukauosha kwa maji ya mvua yaliyowekwa kwenye mapipa tangu masika. Lipu mpya ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi na jioni. Akina mama waliokuwa wakimwagia maji ndio walioiokoa, maana chokaa inagandishwa na hewa polepole, na jua la Julai likiikausha kabla ya wakati wake inabaki unga.

Kazi yao hao akina mama ilikaribia kupotea kwenye hesabu. Mfadhili anakubali mchango wa jamii kwa nguvu kazi, ila uwe na kumbukumbu ya kila siku. Kulikuwa na daftari la mafundi tu. Likafunguliwa la pili: jina, saa, kazi, saini. Mwisho wa mradi daftari hilo peke yake lilikuwa mchango wa zaidi ya milioni mbili.

Oktoba 2024: karafuu

Msimu wa karafuu ulipokolea jukwaa lilibaki na wazee wawili. Mchumaji analipwa kwa pishi na jioni ana fedha mkononi. Kibarua wa mradi anasubiri saini mbili na benki ya Chake Chake. Hakuna hotuba ya urithi inayoshinda hilo, wala sioni sababu ya kumlaumu mtu. Watu wazima walikuwa mikarafuuni, na waliobaki nyumbani walikuwa wanaanika na kuchambua.

Kazi ya birika kwa bahati inataka watu wachache, ikaendelea. Hapa ndipo tulipojifunza jambo la kunakiliwa. Chokaa tupu haishiki ndani ya maji. Mzee alikumbuka kuona birika la zamani lenye lipu ya rangi ya waridi, na tulipopasua vipande vya chini kabisa vya birika letu tukaviona vyenye rangi hiyo hiyo, vina chembe za vyungu. Udongo uliochomwa ukisagwa laini na kuchanganywa na chokaa huifanya iwe ngumu hata penye maji.

Tukanunua vigae vya vyungu vilivyovunjika kwa wafinyanzi, gunia kwa gunia, tukavitwanga kwenye kinu na kuvichekecha. Jaribio la kwanza, vigae sehemu moja kwa chokaa tatu, lilibaki laini. La pili, vigae sehemu moja kwa chokaa moja pamoja na mchanga sehemu moja, lilikaza lakini likapasuka nyufa nyembamba. Lililofaa ni chokaa sehemu mbili, unga wa vigae moja, mchanga mbili, likapigwa tabaka mbili nyembamba na kusuguliwa kwa jiwe laini mpaka ling'ae. Tulilijaza birika maji likakaa wiki tatu, kina kikashuka kwa kiasi cha jua tu. Gharama ya vigae yote haikufika shilingi 100,000. Anayetaka kulirudia atumie vyungu vilivyoiva vyema. Vile vilivyochomwa nusu vinarudi kuwa udongo.

Disemba 2024: mkupuo wa pili umepungua njiani

Ripoti ya nusu ilikwenda Oktoba, wakati dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700. Fedha iliingia mwishoni mwa Disemba ikiwa karibu 2,400. Dola 3,000 zile zile zikawa milioni 7.2 badala ya 8.1. Mkataba uko kwa dola, mafundi wako kwa shilingi.

Tulipiga hesabu upya na kuondoa jambo moja zima: kufunika kichwa cha ukuta wa mashariki kwa mawe ya kuchonga. Badala yake kichwa kimepigwa chokaa yenye vigae, kwa mteremko wa kumwaga maji nje. Si kizuri kwa macho, lakini maji hayasimami. Mfadhili aliarifiwa kwa barua kabla ya kubadilisha, maana mkataba unakataza kuhamisha zaidi ya asilimia 10 ya mstari bila ridhaa.

Februari 2025: risiti

Tulidhani ripoti ya mwisho ni picha na maelezo. Ni risiti. Mwenye duka la vifaa Chake Chake anatoa ya mashine. Mchomaji chokaa, mwenye gari ya ng'ombe, muuza vigae na mama wa chai hawana mashine na hawatakuwa nayo. Karibu theluthi ya matumizi yetu yote yalikwenda kwa watu wa namna hiyo.

Kilichotuokoa ni hati ya malipo tuliyokubaliana na mfadhili kabla ya mkupuo wa kwanza. Ina tarehe, jina la mlipwaji, namba ya kitambulisho chake cha Mzanzibari, kitu au kazi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini au dole, saini ya mhazini, na shahidi asiye mwanajumuiya. Kwa malipo ya zaidi ya shilingi 200,000 shahidi ni sheha. Picha ya mzigo unaposhushwa inabandikwa nyuma. Mkaguzi alizikataa hati chache zisizo na shahidi, jumla yake shilingi 185,000, na kiasi hicho kilikatwa kwenye mkupuo wa mwisho. Viongozi walichangishana kukilipa.

Hesabu kwa jumla, kwa shilingi: mafundi na vibarua milioni 11.6; chokaa, kuni, mchanga na usafirishaji 5.3; turubai, majukwaa na vifaa 2.9; vibali, safari za Chake Chake na benki 1.2; kuweka kumbukumbu, picha na kuchora ramani ya jengo 1.8. Kilichobaki kimelipa madeni ya mafundi waliokubali kusubiri asilimia 20 ya mwisho. Waambieni mafundi mapema kwamba fedha hiyo huja baada ya kazi kwisha. Wetu waliambiwa, na mmoja hakukubali, akaondoka Julai. Haki yake.

Aprili 2025: palipofika

Mkupuo wa mwisho umeingia baada ya Idi na madeni yamekwisha. Kuta mbili zimesimama, birika linashika maji, kisima kimewekewa ukingo mpya na kapi. Ukuta wa mashariki una ufa mwembamba pale palipoloa mwaka jana. Umewekewa alama za penseli na tarehe ili tuone kama unatembea.

Mihirabu haijaguswa. Ina nakshi za chokaa zilizochongwa kwa kisu, na mafundi wetu wenyewe wamesema hawatii mkono mpaka Idara ilete mtu aliyewahi kuzishughulikia. Makadirio ni milioni nne na nusu, na safari hii ratiba inaanza na tanuu mfungo mosi na inasimama karafuu zikiiva. Kuni za tanuu zinahitaji kulipwa kabla ya ruzuku yoyote kujibiwa. Kila mwenye mikarafuu amekubali kutoa pishi moja msimu ujao, na daftari la ahadi analo mhazini.